Muulizeni na Baba

Hotuba ya muuguzi mkunga kwenye kikao cha kina baba wa vijiwe vya bodaboda na wafanyabiashara wa soko, Temeke, Dar es Salaam

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Mzee mwenyekiti wa serikali ya mtaa, viongozi wa vijiwe, kaka zangu, wanangu, na kina mama mliokuja kusikiliza, habari za mchana.

Nashukuru kwa kuniita. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema vijana wake wangependa kusikia habari za uzazi wa mpango. Nikamwambia hilo tutalitafutia siku yake, leo naomba nizungumze na wanaume kuhusu wanaume. Nimekuwa mkunga kwa miaka mingi. Watoto wengi wa kata hii wamepita mikononi mwangu, na baadhi yenu mliokaa hapa ndio baba zao. Sura zenu nazijua. Nimewaona mmesimama nje ya geti la wodi saa nane za usiku, mmeshika beseni na mfuko wa kanga, mnasubiri mtu atoke aseme neno. Na neno lenyewe likitoka, mara nyingi ni "kanunue". Kanunue glavu. Kanunue pamba. Kanunue dripu.

Hivyo ndivyo baba anavyopokelewa katika mambo ya uzazi. Mimba ikiwa changa anaitwa kliniki siku moja, apime damu pamoja na mwenzake. Asipotokea, mama anatumwa kwa mwenyekiti wa mtaa akachukue barua. Uchungu ukianza anaitwa alete vifaa. Siku ya kuruhusiwa anaitwa alipe kinachodaiwa. Baada ya hapo kinachobaki kwetu ni jina lake kwenye kadi ya mtoto. Nyumbani nako wageni wakija ni "Hongereni jamani, mzazi hajambo? Mtoto ananyonya?" Sabuni ni za mzazi, kanga ni za mzazi, nguo ni za mtoto. Na inastahili iwe hivyo, maana mama katoka kuweka mguu mmoja kaburini. Lakini ni mara chache sana nimemsikia mgeni akimgeukia baba na kumuuliza: na wewe je, unalala? Unakula? Moyo wako ukoje?

Nimekuja kuomba swali hilo liulizwe, na liulizwe kwa kumaanisha.

Habari za mama kupata sonona baada ya kujifungua sasa zinasemwa. Redioni mnazisikia, kliniki tunazifundisha. Mama analia bila sababu, hataki kumtazama mtoto, halali, anajiona hafai. Zamani tulisema karogwa au ana deko. Leo wengi wetu tunajua ni ugonjwa, na unatibika. Ambacho hakijasemwa vya kutosha ni kwamba baba naye anaupata. Hakubeba mimba, hakukatwa, hakushonwa, lakini anaupata.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, James Paulson na Sharnail Bazemore, walikusanya tafiti 43 zilizokwisha kufanywa, zenye watu zaidi ya 28,000 kwa jumla, wakatazama hali ya kina baba tangu mimba ikiwa changa mpaka mtoto anapotimiza mwaka. Walikuta karibu asilimia 10 ya kina baba wana sonona. Mwaka 2016 wengine wakarudia hesabu hiyo kwa tafiti 74 wakapata asilimia 8.4. Tuchukue hiyo ndogo. Katika kila kina baba 100 waliopata mtoto, zaidi ya 8 wanaumwa. Sasa pigeni hesabu wenyewe: mko wangapi kwenye kijiwe chenu, na wangapi wana mtoto ambaye hajatimiza mwaka?

Kuna jambo jingine kwenye utafiti ule wa kwanza ambalo mimi kama mkunga limenikaa kichwani. Kipindi kilichoonekana kibaya zaidi kwa baba hakikuwa wiki ya kwanza wala mwezi wa kwanza. Ni kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Tafiti za kipindi hicho zilikuwa chache, kwa hiyo siwatajii asilimia yake, lakini angalieni kalenda yenu ya chanjo. Mtoto anachomwa sindano wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Akishamaliza ya wiki ya 14 tunamwambia mama haya, kupima uzito kila mwezi, chanjo ya surua tukutane miezi 9. Ni hapo hapo, kwenye miezi mitatu na nusu, ambapo pongezi zimekwisha, bibi amerudi kijijini, wageni hawaji tena, mkopo umeanza kudai, na usingizi bado haujarudi ndani ya nyumba. Baba anaanza kuzama wakati ambao sisi watu wa afya na ninyi majirani tumeshaona kazi imekwisha.

Sasa mtu huyu utamtambuaje? Mkisubiri kumwona analia mtasubiri sana. Wanaume wengi hawalii. Anakuwa mkali. Mtoto akilia anafoka, mke akiuliza jambo dogo anafoka, abiria akichelewesha chenji anataka kupigana. Au ananyamaza kabisa. Mwingine anaanza kunywa wakati hakuwa mnywaji, au anaongeza. Mwingine anabeti mpaka hela ya hesabu anayotakiwa kumpelekea tajiri mwenye pikipiki. Mwingine, na huyu ndiye anayetupotosha zaidi kwa sababu tunamsifu, anafanya kazi bila kupumzika. Anatoka alfajiri, anarudi watu wamelala, Jumapili yupo barabarani, tunasema siku hizi jamaa kawa mchapakazi tangu apate mtoto. Yupo anayekuja kwetu na kichwa, mgongo, tumbo, kifua kinabana, tunampima hatuoni kitu. Hamu ya chakula imekwisha, hamu ya mke imekwisha. Alikuwa hakosi mechi ya Simba na Yanga, sasa mechi inachezwa mtaa mzima unapiga kelele, yeye amelala kageukia ukutani.

Niwape mfano mmoja. Mwenyewe ameniruhusu kuusimulia, na nimebadilisha vya kutosha ili asijulikane.

Ni fundi wa kuchomelea. Mtoto wake alikuwa na miezi minne. Siku hiyo ya kliniki mke wake ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia, "Sista, mume wangu ana mwanamke mwingine." Nikamuuliza umejuaje. Akasema anarudi saa saba, saa nane za usiku, chakula hali, hasemi na mtu, mtoto hamgusi. Nikatoka nje nikamkuta yule baba kwenye benchi, mtoto kapakatwa na shangazi yake, yeye ameshika kadi ya kliniki, anaikunja na kuikunjua. Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza hali.

"Niko poa, mama. Kichwa tu ndiyo kinasumbua."

Hicho kichwa kilikuwa kimeshapimwa malaria zaidi ya mara moja, malaria hakuna. Macho yamepimwa, mazima. Amekula panadol mpaka amechoka. Nikamuuliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi?" Akanyamaza muda. Halafu akaniambia kazi anamaliza saa mbili usiku. Anapanda pikipiki yake, akifika mtaa wa pili kutoka kwake anazima injini na kukaa hapo hapo juu ya pikipiki. Anatazama dirisha la chumba chake. Taa ikizimwa anangoja tena, mpaka awe na uhakika. Kisha anaisukuma pikipiki mpaka mlangoni, isilie, mama mkwe asiamke, mke asiamke, asiulizwe neno, asipewe mtoto. Ndiko alikokuwa usiku wote huo. Mwanamke hakuwepo.

Akasema, "Mama, watu wananipa hongera, nacheka nao. Lakini nikimshika yule mtoto sisikii kitu. Nadhani mimi siyo mtu mzuri."

Wanangu, hayo maneno ya mwisho ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu anaumwa, yeye anadhani ana roho mbaya. Mwenye roho mbaya hakai gizani mtaa wa pili akijilaumu. Nilimwambia hivyo, nikamwambia tena kwamba hali yake ina jina na ina matibabu, na siku hiyo hiyo nikampeleka mwenyewe kwa mwenzetu anayeshughulika na afya ya akili. Alikuwa akija kuongea naye kila wiki. Baadaye aliandikiwa na dawa. Mdogo wake akahamia pale nyumbani kwa muda, akawa anaamka na mtoto baadhi ya usiku ili wazazi walale. Haikuchukua siku mbili tatu. Ilichukua miezi, na bado zipo siku anaamka vibaya. Ila siku hizi pikipiki inafika mlangoni ikiwa inanguruma.

Mtaniuliza sonona hii ya baba inatoka wapi. Inatoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Usingizi ni wa kwanza. Mwili usiolala wiki baada ya wiki unavuruga akili ya mtu yeyote, awe dereva, awe daktari. Hela ni ya pili, na hapa sihitaji kuwafundisha. Vifaa vya kujifungulia, nauli ya bajaji usiku wa manane, pengine upasuaji ambao haukutarajiwa, pampasi, dawa za mafua. Kama hakuna akiba, unaingia kwenye mikopo ya kausha damu, na marejesho ya kila siku hayajui kama mtoto alikesha. Dereva wa bodaboda mwenye mkataba anatakiwa apeleke hesabu hata siku mke wake yuko wodini. Aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mama likizo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ikampa siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wenzetu wa Kenya sheria yao ya mwaka 2007 iliandika wiki mbili. Mimi naona hata hizo wiki mbili ni chache, ila siku 3 zinakwisha kabla mzazi hajaweza kukaa vizuri. Na wengi wenu hapa hamna hata hiyo moja.

Kisha kuna mahali baba anapowekwa. Siku arobaini anahamia sebuleni. Chumbani yupo mama mkwe, au shangazi, au dada wa mke, wanamkanda mzazi kwa maji ya moto, wanapika uji wa pilipili manga na mtori. Mila hiyo ni nzuri, imeokoa wanawake wengi, naiheshimu na nimeifaidi mwenyewe. Lakini baba akisogea anaambiwa toka, hujui kumshika, utamvunja shingo. Kwa wengine mke anapelekwa kwao, Tanga, Kilosa, Singida, anakaa miezi mitatu. Akirudi, mtoto akimwona baba yake analia kama amemwona mgeni, na kwa kweli ni mgeni. Baba ambaye tangu mwanzo hakupewa mtoto ashike, akogeshe, abembeleze, mnamtegemea mapenzi ayatoe wapi?

Maana mwili wa baba nao unabadilika kwa kulea. Hili halijulikani sana. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania, kwa Wahadzabe na majirani zao Wadatoga, watu wa upande wa Ziwa Eyasi. Watafiti walipima kwenye mate homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Kwa Wahadzabe, ambao baba anabeba mtoto na kukaa naye sana, wenye watoto walikuwa na homoni hiyo kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao kulea mtoto mchanga ni kazi ya wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Na huko Cebu, Ufilipino, watafiti waliwafuatilia wanaume 624 kuanzia mwaka 2005 hadi 2009. Waliopata watoto homoni yao ilishuka, na ilikuwa chini zaidi kwa wale wanaotumia saa tatu na zaidi kwa siku kumhudumia mtoto. Kushuka huko si ugonjwa. Ni mwili wa mwanaume unajitayarisha kulea. Kwa hiyo anayekwambia kumbeba mtoto si kazi ya mwanaume, mwambie mwili wako wenyewe unasema vingine.

Wako walio hatarini zaidi. Aliyewahi kuumwa sonona kabla. Ambaye mimba ilikuja bila kupangwa, akajikuta ameitwa ukweni kabla hajajiandaa. Ambaye mtoto wake ni njiti, yupo hospitali wiki nyingi na yeye anakwenda na kurudi na vyombo vya chakula. Aliyepoteza mtoto, huyo naomba mumkumbuke sana, maana watu wanakaa na mama wanamlilia mama, baba anatumwa akanunue sanda. Na zaidi ya wote hao, yule ambaye mke wake anaumwa sonona. Tafiti zinaonyesha mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mwenzake kuwa nayo unaongezeka. Kwa hiyo tukimkuta mama ana tatizo hilo na tukamwandikia matibabu bila kumtazama mumewe, tumetibu nusu ya nyumba.

Baba wa mtoto njiti nimwambie jambo moja kabla sijasahau. Ile njia ya kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, tunayoiita kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, haihitaji mtu mwenye maziwa. Inahitaji kifua chenye joto. Kifua chako kinatosha. Omba ufundishwe. Nimeona wanaume waliokuwa wamekauka uso wakibadilika wakiwa na kilo moja na nusu ya mtoto chini ya shati.

Mtoto naye hasalimiki baba anapougua. Mwaka 2005 Paul Ramchandani na wenzake wa Uingereza walichapisha matokeo ya kufuatilia maelfu ya familia za eneo la Bristol. Watoto ambao baba zao walikuwa na sonona mtoto akiwa na wiki 8, walipofika miaka mitatu na nusu walionekana kuwa na matatizo zaidi ya tabia na hisia, hasa wa kiume, hata pale watafiti walipozingatia hali ya mama. Mwaka 2011 utafiti mwingine, wa Marekani, ulitazama kina baba wa watoto wa mwaka mmoja. Wenye sonona, asilimia 41 walikiri kumpiga mtoto kofi karibuni. Wasio nayo, asilimia 13. Mtoto wa mwaka mmoja, jamani. Na humo humo kuna takwimu inayotuhusu sisi wenye sare nyeupe: asilimia 77 ya wale kina baba waliokuwa wanaumwa walikuwa wamezungumza na daktari wa mtoto wao ndani ya mwaka huo. Walikuwa mbele ya daktari.

Hapa niseme jambo bila kupepesa macho, maana najua kuna mtu atakwenda nyumbani na hotuba hii kama kinga. Ugonjwa unaeleza hasira. Haumpi mtu ruhusa ya kumpiga mkewe wala mtoto. Ukiona mkono wako umeanza kunyanyuka, toka nje ya nyumba, mpigie ndugu yako, njoo kituoni siku hiyo hiyo. Na wewe mama uliyepigwa, usikae ukimhurumia kwa sababu umesikia leo kwamba huenda anaumwa. Tafuta usalama wako na wa mtoto kwanza. Matibabu yake yatafuata.

Sasa, kuchoka na kuumwa utavitofautishaje? Kila mwenye mtoto mchanga amechoka. Lakini aliyechoka tu, mpe nafasi, atalala. Mpelekee habari njema, atafurahi. Mwenye sonona mtoto amelala, nyumba imetulia, yeye anatazama dari. Ikiwa hali ya huzuni, au ya kutosikia chochote, au hasira isiyokuisha, imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, na vile vitu vilivyokuwa vinakupa raha havikupi tena, hapo si uchovu. Njoo.

Ukija tutakuuliza maswali. Yapo maswali 10 yaliyotungwa kule Scotland mwaka 1987 na John Cox na wenzake kwa ajili ya kina mama waliojifungua, na baadaye yakapimwa kwa kina baba yakaonekana yanafaa, ila kwa mwanaume tunashtuka kwa pointi chache zaidi kuliko kwa mwanamke, kwa sababu mwanaume anakubali kidogo na kuficha kingi. Yanahusu siku 7 zilizopita. La kwanza linauliza kama bado unaweza kucheka. La mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru. Dakika tano umemaliza. Hatuchomi sindano, hatukuvui nguo.

Matibabu ya kwanza ni mazungumzo, na msiyadharau. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha kina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye mawazo mazito. Bibi hakupi dawa. Anakusikiliza, mnayapanga matatizo yako, mnachagua moja, mnatafuta hatua ya kulishughulikia, unarudi wiki nyingine kusema imekwendaje. Wakapima kitaalamu kwa watu 573, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili kwa uchache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa kama bibi aliyefundishwa anaweza, mwenzako wa kijiweni anayekupenda akikaa akakusikiliza kwa nusu saa bila kukukatisha, ameshafanya kitu.

Hali ikiwa nzito zipo dawa. Zinachukua wiki mbili mpaka nne kabla mtu hajaona mabadiliko, kwa hiyo usiache siku ya tano ukasema hazifanyi kazi, na ukipata nafuu usiziache mwenyewe bila kumwona aliyekuandikia. Na naomba hofu ya Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, itoke. Kila nikimwambia mtu afya ya akili anauliza, "Sista, mnataka kunipeleka Dodoma?" Hapana. Wenye sonona wengi wanatibiwa wakitokea nyumbani, wanaendelea na kazi zao. Mirembe yenyewe ni hospitali, ina wagonjwa na wauguzi kama hospitali nyingine.

Kuhusu kuwaza kufa nitasema polepole. Duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni wengi kuliko wanawake. Mwenzako akisema "bora nisingekuwepo," "mtabaki na amani nikiondoka," au akianza kugawa vitu vyake na kuaga aga, usicheke, usimwambie acha ujinga wewe ni baba. Muulize waziwazi: unawaza kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Kunampa mlango wa kutokea. Usimwache peke yake, ondoeni karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Najua wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria yetu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba, na mimi natamani na sisi tufike hapo. Lakini kumwambia muuguzi kwamba mawazo ya kufa yanakujia si kosa popote. Ni dalili, tunaitibu.

Nimebakiza maombi.

Kina mama wakwe, kina bibi, shangazi: mpeni baba mtoto. Akae kitako, mkono chini ya shingo, muonyesheni mara ya kwanza, ya pili muachieni. Mtoto hatavunjika. Mmwachie kazi moja iwe yake, kumkogesha jioni au kumbeulisha akishanyonya, na msimnyang'anye akikosea.

Wake: ukiona mume amebadilika, kabla hujatafuta mwanamke kwenye simu yake, muulize analala vipi. Na ninyi wenyewe mkiumwa, semeni, maana mkiinuka ninyi na yeye anapata pa kushika.

Wenye pikipiki, matajiri: mtu akipata mtoto mpunguzieni hesabu hata wiki mbili. Sheria haiwalazimishi. Nawaomba kama mama.

Wenzangu wa kliniki, nimewaona wawili hapo nyuma. Mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa kwa msamaha, mama mjamzito kwa msamaha; baba akitaka kuonwa lazima afungue faili na kulipia, na ndiyo maana haji. Tusingoje afungue faili ndipo tumuulize hali. Akimleta mtoto kupima uzito, swali lile la usingizi halina bei.

Na viongozi wa vijiwe, hili nimeshazungumza na mwenyekiti na amelikubali. Kila kijiwe kichague watu wawili, wasiri, wasiopenda kutangaza ya wenzao. Mwenzenu akipata mtoto, hao wawili waandike tarehe. Mtoto akitimiza wiki 6 wamtembelee baba, siyo mama, baba. Akitimiza miezi mitatu warudi. Miezi mitano warudi tena. Wasipeleke bia. Wakae naye, waulize analala, anakula, anacheka, wanyamaze wamsikilize. Wakiona mambo siyo, wamlete kwangu, hata kama ameleta kichwa tu.

Majina ya hao wawili wawili nitayachukua leo kabla hatujaachana. Daftari lipo pale kwa katibu. Mafunzo ya kusikiliza tutayafanya Jumamosi ijayo asubuhi, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ili msipoteze abiria wa jioni. Sasa nakaribisha maswali. Mwenye swali asilopenda kuliuliza mbele za watu, mimi nabaki hapa mpaka magharibi.